Alituahidi Farasi, Tukapewa Punda

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba nianze kwa kukiri. Kila mwezi nakaa hapa kukuhubiria juu ya uwazi katika ndoa, huku nyumbani kwangu mwenyewe nilikuwa nimeficha jambo kwa miezi saba. Aliyekuja kunifungua mdomo hakuwa mchungaji wala mshenga. Alikuwa punda.

Mambo yalianzia kwa rafiki yangu mmoja, mshikaji wa tangu chuo, ambaye kwao ni Matamba, wilayani Makete. Jioni moja tulikuwa tumekaa na wake zetu hapa Mbeya mjini, mke wangu akasema amechoka na mitoko ya nyama choma kila wikiendi. Anataka kitu kama anavyoona kwenye filamu: kupanda farasi milimani na marafiki, siku nzima, bila simu.

"Shemeji, hilo niachie mimi," mshikaji akajibu bila kupepesa macho. "Kwetu farasi wapo."

Nilipaswa kushtuka hapo hapo. Farasi Tanzania ni wa kuhesabu. Sehemu kubwa ya nchi yetu imejaa mbung'o, na kuna maradhi yanayoenezwa na visubi ambayo humuua farasi ndani ya siku chache. Hata huku Nyanda za Juu Kusini kwenye baridi, utawakuta kwa bahati tu, kama kule Mufindi ambako wageni hupandishwa farasi kuzunguka mashamba ya chai. Lakini bwana, nani anataka kumharibia mkewe ndoto?

Basi Jumamosi moja ya Desemba iliyopita, saa 12 asubuhi, tukaondoka Mbeya tukiwa sita: mimi na mke wangu, mshikaji na mkewe, na wachumba wawili waliokuwa wanajiandaa kufunga ndoa Februari. Kabla ya saa 2 tulikuwa Chimala, tumesimama kando ya barabara kuu ya Tanzam tunakunywa chai na chapati, malori ya Tunduma yakitupita. Wenzangu walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa kimya. Wanaoijua Chimala wanajua ni mji wa mchele wa Usangu, na nyuma ya yale maduka kuna maghala. Katika ghala mojawapo ndiko zilikozikwa fedha zangu. Nitalirudia hilo.

Kutoka Chimala barabara ya Matamba inaukwea mlima kwa kona zaidi ya 50, kila moja imejikunja kama kiwiko. Bibi harusi mtarajiwa alianza kuzihesabu, alipofika ishirini na kitu akafumba macho. Ukitazama chini unaiona Usangu yote imelala kwenye joto lake, na ukifika juu unatafuta sweta.

Nyuma ya nyumba ya mjomba wa mshikaji tukawakuta punda watatu wamefungwa kwenye mti.

"Mjomba, shikamoo. Farasi wako wapi?" mke wangu akauliza.

"Marahaba, mwanangu. Si hawa hapa? Masikio tu ndiyo yamezidi."

Tulicheka hadi machozi. Mke wangu alinuna dakika mbili, kisha naye akacheka. Mjomba akatueleza masharti. Punda wake ni wadogo, hapandwi na mtu mzima, unatembea naye. Yeye ana mifuko mitatu ya mbolea ya kupeleka shambani, juu karibu na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Tukimsaidia kuifikisha, huko tutakula viazi na kuona maua.

Ndipo nikajifunza kupakia. Mfuko mmoja wa kilo 50 unagawanywa, nusu unaingia upande huu wa shogi, nusu upande wa pili. Shogi ndiyo ile mifuko miwili inayoning'inia kwenye mbavu za punda, na chini yake unatandika blanketi. Upande mmoja ukizidi hata kwa kilo chache, mzigo unateleza, na njia nzima unamsugua mgongoni.

Mjomba alituambia kwamba zamani huku kila kitu kilipanda mlima kwa vichwa vya wanawake. Miaka ya 1980 ukaja mradi wa usafiri vijijini, ukisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani. Wataalamu walifuatilia nani anabeba nini, wakaona kwamba kuni, maji, mazao, sehemu kubwa ilikuwa ni mzigo wa akina mama. Mradi ukatengeneza njia za miguu na kuhimiza watu kufuga punda. "Mama yangu alipoona punda wa kwanza amebeba gunia," mjomba akasema, "alimwita mkwe."

Tukaanza safari. Mpenzi msomaji, kama uko kwenye uchumba na hujui mwenzio yukoje, mpe ashike kamba ya punda. Wachumba wetu waligombana kabla ya kilometa ya kwanza. Bwana anavuta, bibi anasema usimvute, punda kasimama anawasikiliza. Mimi na mke wangu tulikuwa nyuma na punda wa mwisho, jike la kijivu. Njia ilikuwa na matope na ukungu, kisha jua likatoka ghafla, tukayaona maua: meupe, ya manjano, ya zambarau, yametapakaa kwenye nyasi. Wenyeji wanaiita Kitulo Bustani ya Mungu, na ni hifadhi iliyotangazwa rasmi mwaka 2005 kwa ajili ya maua hasa, si simba wala tembo. Kuna aina zaidi ya 40 za okidi zinazoota ardhini.

Hapo ndipo punda wetu aliposimama. Tulibembeleza, tukasukuma, wapi! Bwana harusi mtarajiwa akapaza sauti: "Punda afe, mzigo ufike!"

Mjomba hakucheka. Alifungua shogi, akaondoa blanketi. Mgongoni kulikuwa na kidonda kama kiganja, kibichi. Wote tukanyamaza.

"Punda hasemi," mjomba akasema. "Anabeba tu. Leo anabeba, kesho anabeba, wewe unasema huyu ndiye mzuri, hana matatizo. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kupakia, lazima umpapase mgongo. Leo sikumpapasa. Nilikuwa nacheka na nyinyi. Kosa ni langu, si lake."

Ile mbolea tukaigawana. Tulikuwa saba na mjomba, kila mtu kilo saba hivi. Mke wangu alifunga zake kwenye kanga mgongoni kama mtoto. Baada ya nusu saa za kwangu zilikuwa zimeshanitoa jasho, na nikauelewa ule msemo kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Shambani tulikula viazi vya kuchemsha na chumvi ya pilipili. Wenzetu wakaenda kupiga picha. Mke wangu akakaa pembeni yangu, akaniwekea mkono mgongoni, akasema taratibu: "Na wewe nikupapase wapi?"

Nikamwambia. Mwezi Mei nilichukua mkopo wa mshahara, Sh milioni 6, nikampa mdogo wangu afanye biashara ya mpunga. Alinunua pale Chimala wakati wa mavuno ili auze bei ikipanda. Lakini alinunua mpunga ambao haujakauka vizuri, akaujaza ghalani, ukashika ukungu. Uliobaki aliuza kwa bei ya kutupa. Tangu hapo nakatwa zaidi ya Sh 200,000 kila mwezi, na nyumbani nilisema ofisini wamepunguza posho.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: "Mimi nilidhani una nyumba ndogo."

Nikashindwa la kusema.

"Fedha zinapungua kila mwezi. Simu unaipokelea nje. Usiku hulali. Ungekuwa mimi ungefikiri nini? Ada ya mtoto muhula uliopita nilikopa kwenye kikoba, mara mbili, na wewe sikukwambia. Nilisema nisubiri kwanza nimjue huyo mwanamke."

Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja amebeba upande wake na kidonda chake chini ya blanketi, na majirani wanatusifu kwamba ile ndoa haina matatizo.

Nikamwomba msamaha. Hakunikumbatia, mpenzi msomaji, hii si filamu. Alisema neno moja ambalo bado linaniuma: "Mdogo wako ni mdogo wangu. Ungeniuliza, milioni sita ningekataa. Mbili ningekubali, na ningemwambia auanike kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyekulia kwa wakulima." Kisha akainuka, akaenda kumsaidia mjomba kumsafisha yule punda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Njia nzima ya kurudi aliongozana na punda, si na mimi.

Jioni tulipofika Chimala akaniambia nisimamishe gari. "Nioneshe hilo ghala." Tukaenda, tukasimama mbele ya mlango uliofungwa. Hapo hapo akampigia mdogo wangu, akaweka sauti ya wazi. Hakumtukana. Aliuliza: umebaki na nini, unaingiza nini, unaweza kurudisha nini? Wakakubaliana Sh 100,000 kwa mwezi. Mimi miezi saba yote nilikuwa naona aibu kuuliza maswali hayo matatu.

Siku hizi kila tarehe 28 tunakaa mezani, hati zake za mshahara na zangu, daftari la kikoba na makato yote. Mtu hakopi wala hakopeshi ndugu zaidi ya Sh 200,000 bila mwenzie kujua. Na kila mmoja anaulizwa: mwezi huu nini kinakusugua? Wiki nyingine jibu ni hakuna. Wiki nyingine tunalala saa 7 usiku.

Mdogo wangu amelipa miezi miwili, wa tatu amekwama. Limeniuma, lakini safari hii mke wangu alilijua siku hiyo hiyo. Wachumba wetu walifunga ndoa Februari, na kamba ya punda imekuwa utani wao. Mjomba naye alituma salamu kwamba kidonda cha lile jike kimepona, ila hajampakia bado.

Mpenzi msomaji, mwenzio anayebeba bila kulalamika usimsifu tu. Kesho asubuhi, kabla hamjapakia, mpapase mgongo.

Tukutane mwezi ujao.