Sufuria moja kwa watu wanane

Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, wenzetu wanaofika Lubumbashi kutoka Kamina, Kalemie, Kasenga au Kolwezi hupewa na wakubwa wao mashauri yaleyale ya kuishi mjini. Kula mara moja kwa siku, tena saa kumi za jioni, ili usingizi ukukute bado na kitu tumboni. Asubuhi chai yenye sukari nyingi. Siku ambayo hakuna somo, lala mpaka mchana. Mashauri haya yote yanamwambia mwanafunzi jambo moja: apunguze. Mimi natetea shauri lingine. Hatuli kupita kiasi hata kidogo. Kinachotuumiza ni kwamba tunanunua kidogo kidogo, kila mtu peke yake.

Tuchukue unga wa mahindi, maana hapa kwetu mtu ambaye hajapata bukari husema hajala, hata kama ameshiba mkate. Unga unauzwa kwa njia mbili. Mwenye pesa huchukua mfuko wa kilo 25. Asiye nazo hupima: meka moja, nusu meka, hata kikombe. Mama anayefungua mfuko ili auze kwa kupima ana haki ya kupata faida yake, kwa hiyo kilo iliyopimwa hugharimu kuliko kilo iliyo ndani ya mfuko. Makala ni vilevile: gunia lina bei yake, na kisashe cha kuwasha mbabula mara moja kina bei nyingine, ambayo ukiizidisha mpaka ijae gunia, utashangaa. Mafuta, chumvi, sukari na makayabo vinafuata njia hiyohiyo. Mwisho wa mwezi, aliyenunua kidogo kidogo amelipa zaidi na amekula pungufu. Kuhesabu anajua sana, pengine kuliko mwenye mfuko. Lakini hesabu yake haiwezi kupita pesa alizo nazo mkononi leo.

Sisi wa kitivo cha lugha tunapenda kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Tukumbuke kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka, na kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja. Methali hiyo ni ya mtu anayeweka akiba: kila siku anatia kidogo, na chombo kinajaa. Anayenunua kwa haba na haba yuko upande wa pili wa methali. Kila siku anatoa kidogo, na kibaba kinachojaa ni cha mwingine.

Mji huu unalijua jambo hili tangu zamani. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwalisha wafanyakazi wake kwa posho: unga, na vyakula vingine vya kuandamana nao, kwa mfanyakazi pamoja na mke na watoto wake. Gécamines, iliyorithi migodi hiyo, iliendelea kutoa unga kwa miaka mingi. Wazee wa Kenya na Katuba bado wanazungumzia posho kwa hamu, na watu husema kwamba wanatamani ukarimu wa kampuni. Mimi naona sababu nyingine. Kampuni ilinunua kwa tani, si kwa meka. Kazi ilipoharibika, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu 10 wa Gécamines walipoondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, kila nyumba ilibidi iende sokoni peke yake na kikombe chake mkononi. Hasara ilikuwa mara mbili: mshahara ulipotea, na nguvu ya kununua vingi kwa pamoja ikapotea pia.

Lakini posho tusiisifu kupita kiasi. Aliyeigawa ndiye aliyeamua nani ale nini na kiasi gani. Mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi hao waliokuwa wakilishwa waligoma wakidai nyongeza ya mshahara, na hapa Élisabethville wakapigwa risasi. Kula kwa pamoja chini ya amri ya mwingine ni jambo moja. Kula kwa pamoja kwa mapatano yenu wenyewe ni jambo lingine. Ninalopendekeza ni hili la pili.

Tuongeze kwamba unga wetu ni wa kusafiri. Sehemu kubwa hutoka Zambia na kupitia Kasumbalesa, mpaka ulio chini ya kilomita 100 kutoka hapa. Zambia ikifunga mlango, sisi tunalala njaa. Mwaka 2024 mvua ilikosekana kule, na mwishoni mwa Februari serikali yao ikatangaza kwamba ukame ule ni janga la taifa. Nchi inayotafuta unga wa watu wake haiwezi kutuuzia sisi kama kawaida. Zaidi ya hayo kuna majira. Mahindi huvunwa kuanzia Aprili hivi hadi Juni, na wakati huo bei hulegea. Kuanzia Novemba, ghala zinapopungua na mvua kuharibu barabara, bei hupanda mpaka mahindi mabichi yaonekane. Sasa tazama kalenda yetu: mwaka wa masomo huanza karibu na mvua. Mwanafunzi mpya, ambaye amekwisha kulipa minervali na chumba, huanza kununua unga wakati ambapo unga unaanza kupanda. Hakuna ujanja wa mtu mmoja unaoweza kushinda kalenda.

Hesabu ya sufuria moja ni nyepesi. Mtu akitumia gramu 400 za unga kwa siku, kwa siku 30 ni kilo 12. Watu wanane ni kilo 96, yaani mifuko minne ya kilo 25, na kilo 4 zinabaki. Mbabula moja yenye sufuria kubwa haili makala mara nane ya mbabula ndogo. Lengalenga, matembele na sombe, vikinunuliwa kwa mafungu makubwa asubuhi, hupunguziwa bei. Na kuna faida nyingine ambayo haimo katika hesabu: mtu anapika siku moja kati ya nane, na siku saba anazisomea.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni pesa. Wazazi hawatumi siku moja, na anayepokea kidogo kwa simu hawezi kutoa bei ya mfuko. Ni kweli, na ndiyo maana likelemba ipo. Mama zetu sokoni hawangoji utajiri; kila mmoja hutoa kiasi kilekile kwa zamu, na kitita kinapatikana. Kundi lianze na watu wanne na mfuko mmoja, watoe kila wiki, na mwezi wa pili wafikie mifuko miwili.

La pili ni uaminifu. Kila mmoja wetu amesikia habari ya mweka hazina aliyezima simu. Dawa yake haitatoka katika kutafuta mtu mtakatifu. Anayetunza pesa asiwe yule anayenunua, na ufunguo wa ghala ukae kwa mtu wa tatu. Daftari libandikwe ukutani ambapo wote wanane wanaliona.

La tatu halisemwi kwa sauti, lakini ndilo zito. Katika kundi la wavulana na wasichana, sufuria moja inaweza kuwa jina zuri la wasichana kupikia wavulana. Basi zamu ya mwiko ipite kwa wote bila ubaguzi, na asiyejua kusonga bukari ajifunze. Kundi ambalo halikubali sharti hilo lisianze.

Kitivo nacho kina sehemu yake, na sidai posho. Naomba mambo mawili. La kwanza, chumba kimoja kikavu chenye kufuli, na mbao za kuinua mifuko isiguse sakafu, kwa makundi yatakayotaka kununua mahindi wakati wa mavuno na kuyasagisha polepole. Mahindi mazima yakitunzwa vizuri hukaa kuliko unga. La pili, saa moja ya mchana isiyopangiwa somo. Walimu wetu hulalamika kwamba baada ya adhuhuri wanafunzi wanasinzia. Wengi wao hawajatia kitu kinywani tangu jana jioni, na mtu wa namna hiyo hawezi kufuata isimu wala fasihi, hata mwalimu awe hodari namna gani.

Mwaka 2004 kilitoka Bruxelles kitabu cha Pierre Petit juu ya chakula cha Lubumbashi, na jina lililochaguliwa ni neno letu wenyewe: Byakula. Mji wetu umekwisha kutafitiwa kwa jinsi unavyokula. Sisi tunaousoma tunaweza pia kuubadilisha, angalau katika vyumba vyetu. Kila mwaka kuna viti vinavyobaki vitupu baada ya miezi michache, na si wote waliovikalia walishindwa mitihani. Wengine walishindwa na meka.

Anayeona kwamba jambo hili linafaa azungumze na wenzake watatu wiki hii, wakubaliane kiasi cha kutoa, na wampe kiongozi wa darasa lao majina. Tukifika mwezi wa tano, mavuno yanapoingia sokoni, tuwe tumekwisha kujua nani ananunua na nani anashika ufunguo.