Programu ya biashara: moja nzima au vipande vingi?

Mfanyabiashara anayetaka kutengenezewa programu ya kupokea oda, hesabu za stoo na malipo ya simu, siku hizi huwekewa mezani michoro miwili. Wa kwanza ni wa programu moja nzima yenye hifadhidata moja. Wa pili ni wa vijiprogramu kumi au kumi na tano, kila kimoja na kazi yake na hifadhidata yake, vinavyowasiliana kwa mtandao. Mchoro wa pili hupendeza macho, na mara nyingi ndio wenye bei kubwa. Maoni yetu ni kwamba wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wachukue wa kwanza.

Wauzaji wa mchoro wa pili hutaja Netflix. Ni mfano wa kweli. Agosti 2008 hifadhidata ya kampuni hiyo ya Marekani iliharibika, na kwa siku tatu ikashindwa kuwapelekea wateja DVD zao. Ndipo ilipoanza kuhamia kwenye mitambo ya kukodi ya Amazon na kuigawa programu yake, kazi iliyokamilika Januari 2016. Hiyo ni zaidi ya miaka saba, tena kwa kampuni yenye wahandisi tele. Mwenye duka la jumla na wasambazaji sita anajilinganishaje nayo?

Habari za upande wa pili hazitajwi mezani. Mwaka 2018 kampuni ya Segment ilieleza hadharani jinsi ilivyounganisha vijiprogramu zaidi ya 140 kuwa programu moja, kwani wahandisi wake walikuwa wakimaliza muda wao kuvitunza tu. Mwaka 2023 wahandisi wa Prime Video, walio ndani ya Amazon yenyewe, walieleza kuwa mfumo wao wa kukagua ubora wa picha na sauti ulipofanywa kitu kimoja, gharama za mitambo zilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Ulikuwa mfumo mmoja tu, si Prime Video nzima, na hatupendi kutia chumvi. Lakini wenye kukodisha mitambo wanapoona bili ni kubwa, mpangaji naye afikiri.

Sababu si ngumu kuielewa. Katika programu moja, oda ikiingia stoo hupunguzwa na deni huandikwa kwa pamoja. Umeme ukikatika katikati, yote mawili hufutwa kana kwamba hayakuanza. Katika vipande vingi, stoo inaweza kupunguzwa, mtandao ukakatika, na deni lisiandikwe. Mzigo umetoka na daftari halijui. Italazimu kuandikwa programu nyingine ya kusuluhisha hesabu, na mwenye mali ndiye atakayeilipia.

Wacheza hisa wanaikumbuka Knight Capital ya Marekani. Tarehe 1 Agosti 2012 programu yake mpya ilikuwa imewekwa kwenye seva saba, ya nane ikasahauliwa. Ile ya nane ikaamsha programu ya zamani na kumwaga oda sokoni kwa muda wa dakika 45 hivi. Hasara ilizidi dola milioni 440. Halikuwa shauri la vijiprogramu hasa, ila kila mahali pa kubadilisha kitu ni mahali pa kusahau pia.

Programu moja isiwe fujo, lakini. Hesabu, stoo na malipo vitengwe ndani yake kama vyumba vya nyumba moja, kila kimoja na mlango wake. Siku sehemu ya malipo ikielemewa mwisho wa mwezi, itolewe hiyo peke yake, nyingine zibaki. Mtaalamu Martin Fowler alishauri mwaka 2015 kuanza na programu nzima kwanza.

Kwa mwekezaji mdogo anayeombwa mtaji na kampuni changa ya programu: uliza ina mafundi wangapi na vipande vingapi. Mafundi wanne na vipande thelathini ni dalili mbaya. Kisha omba kuona bili za mitambo za miezi mitatu iliyopita, maana kodi hiyo mara nyingi hutozwa kwa dola, wakati mauzo ni ya shilingi.