Mwanafunzi asiache vitabu milango ya chuo ifungwapo

Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma ulioanza Septemba 17, 2025 ulidumu siku 49. Ulimalizika Novemba 5, kwa mapatano kuhusu malimbikizi ya shilingi bilioni 7.9. Wahadhiri walipata ahadi ya haki yao, nayo serikali ikapumua. Lakini mwanafunzi alifidiwa nini? Wahenga walikwisha nena kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Athari za migomo kama hiyo huonekana wazi mjini Juja, mji uliopanuka kwa kukitegemea Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Wanafunzi wengi hupanga vyumba nje ya chuo, Gachororo na kwingineko, na kodi ya nyumba haigomi. Anayebaki hulipia chumba asichosomea. Anayerudi kwao hutoa nauli, na aghalabu akifika hukabidhiwa jembe au duka la mzazi. Vitabu vyake hulala mkobani.

Yafaa ieleweke kwamba muda uliopotea haurudishwi, bali muhula hubanwa. Masomo yaanzapo tena, mihadhara hurundikwa pamoja, majaribio hufuatana, na mtihani hubisha hodi kabla mwanafunzi hajatulia. Hata mapumziko ya kawaida ya katikati ya muhula, ingawa ni mafupi, humwacha nyuma yule aliyeyatumia yote kwa kulala.

Katika chuo cha sayansi na ufundi jambo hili ni zito zaidi. Mwanafunzi wa uhandisi hawezi kubeba mashine za karakana hadi kwao, wala yule wa kilimo hawezi kuihamisha maabara. Kwa hivyo yampasa amalize nyumbani yale yawezayo kufanyiwa mezani: hesabu, nadharia, insha, na ripoti za majaribio aliyokwisha kuyafanya. Saa mbili kila alfajiri, kabla ya kazi za nyumbani, zaweza kupunguza rundo hilo pakubwa. Hapo muda mchache uliosalia chuoni atautumia kwa vyombo, ambavyo havipatikani kwingine.

Hata hivyo, si haki kumtwika mwanafunzi mzigo huu peke yake. Wapo wanaofanya vibarua wakati wa mapumziko ili wapate karo, na wapo ambao kwao intaneti ni anasa. Mhadhiri anayetoa kazi kidogo kidogo, bila kueleza yanayofuata, humnyima mwanafunzi njia ya kujisomea. Muhtasari wa somo zima, orodha ya vitabu na tarehe za kazi zote vingetolewa kwa maandishi katika wiki ya kwanza ya muhula. Vyuo navyo viache maktaba wazi wakati wa mapumziko, na mzazi ampe mwanawe nafasi ya kusoma, kwani kijana huyo hajamaliza shule.

Migomo ya wahadhiri ilitukia mwaka 2017 na 2018, kisha ikarudi 2024 na 2025. Serikali itimize mapatano inayoyatia sahihi ili isitukie tena. Mwanafunzi naye asiyasubiri hayo ndipo afungue daftari, kwa maana mtihani hautamuuliza ni nani aliyegoma.