"Muslim" na "Moslem": Jina Letu Katika Kiingereza

Himdi zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, watoto wetu hufunzwa shuleni kuandika "Muslim", kisha wakafungua kitabu cha zamani cha Kiingereza wakakuta "Moslem". Huuliza: je, ni maneno mawili? La, neno ni moja, nalo ni la Kiarabu. Asili yake ni herufi tatu: sin, lam na mim. Humo ndimo yalimotoka salama, salamu na Islamu. Maana yake ni aliyejisalimisha kwa Mola wake.

Uzito umo katika matamshi. Wasomaji wengi wa Kiingereza wakiiona "Moslem" huitamka ile "s" kama "z". Hapo neno hukaribia neno jingine la Kiarabu, "mudhlim", yaani chenye giza. Na asili ya hilo ndiyo iliyotupa dhuluma na dhalimu. Tazameni jinsi herufi moja inavyotenga salama na dhuluma! Ndiyo maana kufikia mwisho wa karne ya 20 waandishi wengi wa Kiingereza walikwisha kuiacha "Moslem" na kushika "Muslim".

Hata hivyo, tusimdhanie vibaya kila aliyeandika "Moslem". Ndiyo tahajia ya zama zake. Lenye kasoro ya maana ni "Mohammedan", kwani laashiria kuwa twamwabudu Mtume, nasi hatumwabudu ila Mwenyezi Mungu. Sheria za Kenya za ndoa zetu zilibeba jina hilo mpaka zilipofutwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Basi mama au dada mwenye cheti cha zamani chenye neno hilo asiingiwe na wasiwasi. Ndoa yake ilisimama kwa walii, mashahidi, ijabu na kabuli, si kwa kalamu ya karani.

Tunawausia wazazi: wafunzeni watoto kuandika "Muslim" na kuitamka "s" yake wazi. Akosapo mtu, wamsahihishe kwa upole. Jina hili tumepewa na Mola wetu, kama ilivyo katika Suratul Hajj, aya ya 78. Ni amana; tulitunze kwa ulimi, na zaidi kwa vitendo.

Wabillahi tawfiq.