Mwiba wa Taa Hautaki Wembe

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto hutuvuta sote pwani. Bahari ikipwa, akina mama huokota chaza, vijana hutafuta pweza, watoto huoga. Taa naye hujificha mchangani.

Mtu akichomwa, wengine hushika wembe. Desturi hii tuiache. Wembe huongeza jeraha, hautoi sumu. Tumbukiza mguu katika maji ya moto yanayovumilika, dakika 30 hadi 90. Maumivu yatapungua. Mtu mzima ayapime kwanza kwa mkono wake, yasimbabue mgonjwa. Halafu nendeni zahanati kusafisha jeraha na kukinga pepopunda.

Mkitembea majini, burutani miguu, taa atakimbia. Na kila kundi liendalo pwani lichukue sufuria na kibiriti.