Makoti ya mvua ya bodaboda yaangaliwe



Nina maoni juu ya jambo ambalo kwetu huku Kabanga, wilayani Kasulu, si dogo hata kidogo. Nalo ni makoti na suruali za mvua wanazouziwa madereva wa bodaboda.

Wasomaji wa Pwani huenda wakashangaa kusikia habari za baridi. Nchi yetu ya Buha iko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mvua huanza Oktoba au Novemba ikaendelea hadi Aprili au Mei. Hapa Kabanga ipo hospitali ya misheni, na wagonjwa wengi hutoka vijijini ambako gari halipiti kila siku. Zamani mgonjwa alibebwa kwa machela mabegani mwa watu. Siku hizi hubebwa kwa pikipiki, mara nyingi usiku, na mama aliyeshikwa na uchungu hawezi kungoja mvua ikatike.

Tangu zilipotoka kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za mwaka 2010, kofia ngumu imekuwa ni lazima kwa dereva na kwa abiria wake. Askari wa usalama barabarani huulizia kofia na leseni, na ni haki yao. Koti la mvua, hata hivyo, huchukuliwa kuwa ni shauri la mtu mwenyewe, kama vile apendaye kulowa na alowe. Mimi sikubaliani na fikra hiyo. Vidole vya mkono wa kulia ndivyo vinavyoshika breki ya mbele, na vya kushoto ndivyo vinavyoshika klachi. Mtu aliyelowa akapigwa na upepo kwa saa nzima, vidole vyake hufa ganzi, na akili nayo huchelewa kuamua. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo nguo iliyolowa mwilini haimkingi mtu, bali inamnyang'anya joto lake. Dereva wa namna hiyo akishuka mlima wenye utelezi huku amempakia mgonjwa, hatari ni ya watu wawili.

Hapa niseme kidogo juu ya nimonia, maana vijana wengi huweka boksi kifuani wakiamini kuwa upepo ndio unaoileta. Nimonia huletwa na vijidudu. Boksi ni zuri kwa kuzuia baridi, liendelee kuvaliwa, ila anayekohoa na kubanwa kifua aende akapimwe, asitegemee boksi.

Sasa nije kwenye nguo zenyewe. Zinazouzwa kwa wingi ni nailoni nyembamba iliyopakwa dawa kwa ndani, au plastiki nzito. Kitambaa chenyewe aghalabu hakivuji. Kinachovuja ni mshono. Kila sindano ilipopita pamebaki tundu, na suti iliyotengenezwa vizuri huwa imebandikwa utepe juu ya matundu hayo kwa ndani. Za bei ya chini hazina utepe, au upo lakini unabanduka upesi. Langu la mwisho lilianza kupitisha maji mapajani kabla ya msimu mmoja kwisha. Ndipo penyewe hapo, kwani dereva akikaa, maji hutuama mapajani yakatafuta njia. Njia nyingine ni zipu, shingo, na mikono, kwa sababu maji hupanda ndani ya mkono wa koti wakati mtu ameshika usukani.

Viwanda vya nje hupima kitambaa kwa kusimamisha maji juu yake na kuandika urefu wa maji kitambaa kinaoweza kuhimili. Mnunuzi wa huku huletewa neno moja tu la kigeni kwenye mfuko, kwamba halipitishi maji, basi. Ningeliomba Shirika la Viwango, TBS, liwatake wauzaji waeleze kwa Kiswahili kama mshono umezibwa au la. Na SIDO ingeweza kuwaonyesha mafundi cherehani wa Kasulu jinsi ya kuuziba. Si ujuzi wa ajabu. Mskoti Charles Macintosh alipata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati mwaka 1823, na tangu siku hizo watu wanalalamikia jasho. Ngozi nyembamba inayotoa jasho bila kuingiza maji iligunduliwa Marekani mwaka 1969, lakini bei ya makoti yake si ya mtu wa kijiweni.

Kwa wakati huu tutumie tulivyo navyo. Solusheni ya kubandikia viraka vya tairi ikipakwa juu ya mshono kwa ndani husaidia, na mshumaa husaidia kwa muda. Suruali ya mvua ikae juu ya buti, isitumbukizwe ndani. Chini ya koti afadhali sweta la sufu la mtumba kuliko fulana ya pamba, kwa kuwa sufu ikipata unyevu bado hutunza joto kiasi. Lile koti zito la mtumba ambalo vijana hulivaa kinyume, mgongo ukawa mbele, ni zuri kwa upepo mkavu; kwenye mvua hunywa maji likawa mzigo. Tena kizibao cha kuakisi mwanga kivaliwe juu ya koti la mvua. Wengi hukificha chini ya koti jeusi, na usiku wa mvua lori haliwaoni.

Anayesahaulika zaidi ni abiria. Dereva angalau ana koti bovu. Mgonjwa hufunikwa kitenge. Naomba vijiwe vya bodaboda vianze na koti moja la abiria kwa kila kijiwe, refu, lenye kamba za kufungia miguuni lisije likanaswa na mnyororo, litunzwe hapo kijiweni na lichukuliwe na yeyote anayepata safari ya hospitali usiku.

Dereva wa Pikipiki,
Kabanga, Kasulu.