Mto Ozi, Mdogo Uliomeza Mkubwa

Katika visiwa vya Lamu hakuna mto wa maji matamu. Huko hata mkono wa bahari upitao kati ya mikoko huitwa mto, na watu wa mjini hunywa maji ya visima vya Shela. Atakaye kuuona mto wenyewe na atweke tanga, aelekee kusini-magharibi hadi Kipini, penye mlango wa Mto Ozi.

Zamani Ozi ulikuwa mto mfupi usio na sifa kubwa. Jirani yake, Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, uliingia baharini mahali pengine, upande wa kusini. Katika karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji mwembamba, uitwao Belezoni, ili mitumbwi ivuke kutoka mto mmoja hadi wa pili. Maji yakaula udongo, yakaupanua mfereji, hata Tana ukaiacha njia yake ya kale ukahamia katika Ozi.

Bahari ijaapo, huyasukuma maji matamu yakapanda mashambani, na wakulima wa kijiji cha Ozi hulima mpunga kwa maji hayo. Lakini mto ukipungua nguvu, hupanda maji ya chumvi, na mpunga hufa. Huko bara mabwawa yamejengwa, Masinga likiwa limekamilika mwaka 1981, na mafuriko ya Tana yamepungua.

Basi, ndugu wasomaji, kila apangaye kuyageuza maji ya Tana na aukumbuke Belezoni. Aliyeuchimba alitaka njia ya mtumbwi tu.